Pua ya mchuuzi wa dagaa na swali la wanafalsafa

Mwulize mchuuzi yeyote pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, harufu ya dagaa walioanikwa mchangani inatofautianaje na ya wale wa kwenye chanja. Atakujibu haraka. Ila jibu lake linapima msamiati wake, pua bado hujaipima. Mijadala mingi kuhusu lile swali la wanafalsafa, kama maneno tuliyo nayo hubadilisha tunachokiona au kukinusa, huharibikia hapo.

Mwanafalsafa Mmarekani Wilfrid Sellars, katika mihadhara yake ya London mwaka 1956, alidai kwamba kutambua kuwa kitu ni chekundu tayari kunahitaji dhana, na dhana huja na lugha. Hoja hiyo inahusu kujua. Anayeitumia kusema asiye na jina la rangi haioni anamsingizia.

Jaribio zuri zaidi ni la mwaka 2007, kwa wazungumzaji wa Kirusi, lugha yenye majina mawili ya kawaida kwa buluu iliyokolea na buluu mpauko. Mtu alionyeshwa miraba mitatu, achague upi kati ya miwili ya chini unafanana na wa juu. Warusi walikuwa wepesi zaidi pale miraba ya chini ilipokuwa na majina tofauti. Walipopewa tarakimu 8 za kurudia kimoyomoyo, wepesi ule ukatoweka. Kukumbuka mchoro hakukuuondoa.

Mbinu hiyo inafaa kwa dagaa. Tumia vichupa vitatu visivyopenyeza mwanga: viwili vya aina moja, kimoja cha nyingine, na mchuuzi atafute kilicho tofauti. Dagaa wawe wa mvuo mmoja na wakauke sawasawa, maana unyevu huzidisha harufu. Wafunge kwenye chachi. Bila hivyo mchanga utachakarika ndani ya chupa na sikio litajibu badala ya pua. Badilisha mpangilio kila raundi, na pumzisha pua angalau nusu dakika, la sivyo inazoea na kila chupa inanuka vilevile.

Kisha rudia kwa tarakimu, halafu kwa mchoro wa kukumbuka wenye ugumu uleule. Raundi ya mchoro ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo muhimu: bila hiyo huwezi kujua kama makosa yameletwa na ulimi kushughulishwa au na uchovu tu. Usimlinganishe mkongwe na mgeni, kwa kuwa uzoefu na maneno huja pamoja. Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe. Makosa yakiongezeka kwenye tarakimu peke yake, maneno yalikuwa yanamsaidia kubagua. Yasipobadilika popote, huenda pua yake imefundishwa na miaka ya kunusa.