Ukurasa wa 64

Juzi kijana wangu karudi na projekti ya shule, anataka gundi, gundi yenyewe imeisha, nikamwambia leta unga wa ngano tupike. Kikombe kimoja cha unga, vitatu vya maji, unaanza kuuvuruga na maji ya baridi ili usipate madonge, ndo unaweka motoni na kukoroga bila kuacha. Ilipoanza kuwa nzito ile harufu ikapanda, nikabaki nimesimama na mwiko mkononi mpaka akaniuliza, "Mama, unacheka nini?"

Nilikuwa nimeukumbuka ule mti.

Ni ule mwaka niliobebeshwa maktaba kwa sababu tu kwenye kikao niliuliza kwa nini imefungwa. (Tangu hapo kikaoni siulizi kitu.) Mkuu akaniambia ipendezeshe, watoto waipende, bajeti ikawa hela ya kopo moja la rangi na maneno "tumia ubunifu mwalimu". Basi nikatumia. Maboksi tukayageuza vishikizo vya vitabu, mabaki ya rangi tukaomba kwa kila aliyepaka nyumba yake, na hapo nikajifunza kwa machungu kwamba rangi ya mafuta na rangi ya maji haziendi ndoo moja, zinakatika kama maziwa yaliyoharibika. Vitabu vyenye majalada mazuri tukaviegemeza uso mbele badala ya mgongo, hiyo haikutugharimu hata senti na ndo iliyobadilisha chumba kuliko vyote. Pembeni mwa mashelfu tukaandika namba za Dewey, ule mfumo wa 1876 wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, makundi kumi kuanzia 000 mpaka 900, kila kundi rangi yake, ingawa rangi zenyewe zilikuwa nne kwa hiyo makundi mengine yalichangia.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na ufa na madoa, rangi ikawa imeisha. Stoo kulikuwa na gunia la vitabu vilivyokufa, havina majalada, vimeachia uzi, vimeandikwa vya kutupwa. Nikasema tutengeneze mti. Shina la maboksi, majani yawe kurasa. Nilitaka kila ukurasa ukatwe umbo la jani lakini mikasi ilikuwa miwili na watoto arobaini, tukaishia kuzungusha pembe tu na kubandika. Roho iliniuma kidogo kuchana vitabu ndani ya maktaba, sitawadanganya, ila nikajiambia vimekufa tayari.

Mti ukapendeza. Watu wakaja kuuona, mkuu akapiga picha, yakaisha.

Halafu nikaanza kumwona mtoto mmoja, darasa la tano hivi, kila mapumziko yuko pale ukutani. Hachukui kitabu. Anasimama shingo kaipinda, anasogea hatua mbili kushoto, anachuchumaa, anainuka, anakwenda upande wa pili. Nikadhani anachuna karatasi. Siku ya tatu au ya nne akaja mezani kwangu, mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Naomba stuli."

"Ya nini?"

"Hamsini na saba iko juu."

Ikanichukua muda kuelewa. Kati ya majani yote yale alikuwa ameshagundua kwamba kurasa za kitabu kimoja zina maandishi makubwa kidogo kuliko nyingine, akazifuata kwa namba, moja huku, nyingine kule, nyingine juu karibu na dari, anaisoma hadithi kwa kuzunguka mti. Nikamwambia, sasa mwanangu, kila karatasi ina kurasa mbili, mmoja unauona, wa pili umegeukia ukuta, unasomaje? Akanitazama kama vile mimi ndo sijaelewa.

"Zilizofichwa najitungia."

Nikampa stuli. Ningefanya nini kingine?

Wiki iliyofuata akarudi. Amefika 63. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16, na hicho chake kilikuwa na mafungu manne, maana yake kinaishia 64, na 64 iko nyuma ya 63, imepakwa gundi, imetazama ukuta. Nikamwambia jitungie kama kawaida yako. Akatikisa kichwa. Katikati anaweza, alisema, lakini mwisho hapana, mwisho lazima uwe wa kweli.

Sasa uzuri wa gundi ya unga ni kwamba inaachia kwa maji, hata wanaokarabati vitabu vya zamani hutumia wanga wa ngano kwa sababu hiyohiyo. Ubaya wake ni mende, ila hiyo hadithi nyingine. Nikaenda kuchemsha maji, nikachukua kitambaa, tukasubiri wengine watoke. Yeye juu ya stuli, mimi nashika stuli na bakuli. Nikamwambia usivute, bandika tu kitambaa uhesabu mpaka mia. Akahesabu kwa sauti. Maji yakawa yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, yananidondokea mimi kichwani, sikusema kitu. Kwenye mia akainua kona kwa ukucha, ikaja, akapuliza, ikaja tena kidogo, karatasi imekuwa laini kama ngozi ya kidonda, nimebana pumzi mtu mzima mimi kwa ajili ya kitabu kisicho hata na jina. Ikatoka nzima. Akaigeuza, akailaza kwenye kiganja, akasoma pale pale juu, midomo inacheza.

Alimaliza akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, turudishe."

"Tugeuze, wenzako nao waone mwisho?"

"Hapana. Kama ilivyokuwa."

Tukairudisha, 63 mbele, 64 ukutani, gundi mpya kidogo. Akaniuliza mti nao una namba, nikamwambia fasihi ni 800, akaiandika kwenye shina kwa chaki, akashuka akaenda zake. Kesho yake alichukua kitabu cha kawaida kwenye shelfu kama watoto wengine.

Mwanangu akauliza, "Kwani kuliandikwa nini?"

Hapo ndo nikashtuka kwamba sijui. Nilikuwa nimeinama nakausha maji sakafuni, si mnajua mambo yangu. Na sikumuuliza, sijui kwa nini, labda niliona siyo ya kwangu, labda nilikuwa nawahi kipindi tu.

"Si ungeenda ukabandue tena."

Nikamwambia aliyenipokea maktaba alipata bajeti, wakapaka ule ukuta juu kwa juu.

Gundi ilikuwa imeshaanza kushika chini ya sufuria.