Siku moja kwenye chumba cha altrasaundi, Dar

Saa 1:30 asubuhi. Foleni imeshajaa. Wenye mimba changa wanakunywa maji; wanaokuja kwa kipimo cha ukeni nawaambia wakakojoe kwanza. Hapo ubishi hauishi.

Saa 3:00. Dada mmoja, miaka mingi ya maumivu ya hedhi. Mtaani wakamwambia ni chango, amekunywa mizizi hadi kachoka. Ovari ya kushoto ina uvimbe wa sentimita 5, ndani umejaa ukungu wa kijivu uliotanda sawasawa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndiyo damu nzito ya zamani, ile wanayoiita uvimbe wa chokoleti, alama ya endometriosisi: nyama kama za ukuta wa ndani wa kizazi zinapoota nje yake. Nawasha dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea: ukutani hakuna kinyama chenye mtiririko wa damu, kwa hiyo hofu ya saratani inapungua.

Wapimaji wengi huishia hapo. Mimi nasukuma kizazi taratibu kwa proba, kijiti cha kipimo kilichoko ukeni, mkono mwingine ukibonyeza tumbo, nione kama kinateleza juu ya utumbo. Hakitelezi. Vimegandana. Nahesabu vijiyai, yaani vifuko vidogo vya mayai, kwenye ovari zote mbili, kisha nahamia figo, maana endometriosisi ikibana mrija wa mkojo, figo huvimba kimyakimya. Figo zake salama.

"Dokta, nitazaa?" Namwambia uvimbe huu peke yake haufungi mlango.

Saa 6:00. Binti na mama yake. "Bado msichana huyu, dokta." Basi tunapima juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Ndani ya uvimbe wa ovari naona nyuzinyuzi: yaelekea ni damu mpya. Arudi baada ya wiki nane. Ikiwa hivyo, utakuwa umenywea wenyewe. Mama alitaka dawa leo leo.

Saa 8:00. Wali maharage, wima.

Saa 9:00. Kikao na bingwa wa magonjwa ya wanawake. Anataka kumpasua yule dada mwezi huu. Tangu mwongozo wa Ulaya wa endometriosisi wa 2022, hatumfungui mtu tumbo ili kuthibitisha ugonjwa tu, na kukwangua uvimbe huondoka na mayai mazima; kushoto kwake vijiyai ni vichache tayari. Nang'ang'ania MRI, picha ya sumaku, kwanza, tuone ugonjwa umezama kiasi gani kwenye utumbo. Kama umezama, daktari wa utumbo awepo theatre tangu mwanzo, asiitwe mgonjwa akiwa ameshafunguliwa. Bingwa ananuna kidogo, kisha anajaza fomu ya MRI.