Hata Hivyo Alitoa

Neno la Dada la Jumapili halijanitoka moyoni. Nilikuwa nikimsimulia riwaya ya Richard Wright iitwayo Native Son, iliyotoka mwaka 1940, ambayo ninaisoma tena usiku baada ya kusahihisha madaftari. Nilipofika kwa Bwana Dalton, tajiri wa Kizungu katika riwaya hiyo, alinikatiza: "Lakini mdogo wangu, huyo mzungu alitoa. Wangapi wana fedha na hawatoi hata senti?" Nikamjibu kwamba fedha zenyewe zilitoka mifukoni mwa watu wale wale aliojidai kuwasaidia. "Hata hivyo alitoa," akasema, kisha akahamia kwenye mahari ya binti yake, ambayo wazee wamekwisha kuafikiana.

Tangu hapo maneno hayo yananirudia jikoni, ndani ya daladala, hata katika kikao cha Jumatano nilipotangazwa kuwa makamu mkuu wa shule. Alitoa, ndiyo. Dalton ametoa mamilioni ya dola kwa ajili ya elimu ya Weusi, amempa Bigger Thomas, kijana Mweusi ambaye ndiye mhusika mkuu, kazi ya udereva, na klabu ya vijana ameipelekea meza za kuchezea tenisi ya mezani. Lakini kampuni ya nyumba anayoimiliki kwa hisa zake ndiyo inayompangisha mama yake Bigger chumba kimoja chenye panya, watu wanne ndani yake, kwa dola 8 kwa wiki. Familia hiyo haiwezi kuhama, kwa sababu nje ya mtaa wao wa kusini mwa Chicago hakuna atakayeipangisha. Wright hakubuni jambo hilo: katika Chicago halisi wenye nyumba waliwekeana mikataba ya kutowauzia wala kutowapangisha Weusi, na ni mwaka 1948 tu Mahakama Kuu ya Marekani ilipozikataza mahakama kuitekeleza. Asiye na pa kwenda hulipa kodi kubwa kwa chumba kibovu, na katika kodi hiyo ndimo unamotoka ule ukarimu unaosifiwa.

Max, wakili anayemtetea Bigger, anapomhoji, Dalton anajibu kwamba kuwapangisha Weusi katika mtaa mmoja tu ni desturi ya zamani, na kwamba Weusi hufurahi zaidi wakikaa pamoja. Max anamwuliza kama amewahi kumwajiri hata mmoja kati ya Weusi aliowasaidia kusoma. Hapana, hajawahi. Jibu hilo huniumiza kuliko habari za panya, kwa kuwa hapo hakuna soko wala desturi ya kusingizia. Aliwasomesha watu ambao hakuwa tayari kukaa nao ofisi moja.

Usiku wa kuamkia leo hasira yangu kwa Dada iliisha. Nilikumbuka barua za shukrani alizokuwa akimwandikia mfadhili wake kila Krismasi, mezani kwetu, Mama akimsimamia mwandiko. Bila mtu yule Dada asingemaliza sekondari, nami nikimsema vibaya mtoaji yeyote yeye husikia nikimsema mzee yule, ambaye hakutudai kodi wala hakutufungia mlango. Nitamwambia hivyo tukionana, taratibu, na nitamwomba amtazame Dalton katika yale aliyokataa kuyatoa.

Mama naye hajapokea simu tangu asubuhi, na dawa zake za shinikizo la damu zilikuwa zinaisha leo.