Harambee iliyopungua e moja

Jana usiku tumerudia The Lion King, ile ya 1994 ya kuchorwa kwa mkono, mimi na mpwa wangu, na kama kawaida hata nusu saa haijafika nikaanza tabia yangu ya kusimamisha picha kila baada ya dakika mbili. Dada yangu alishaacha kuangalia katuni na mimi kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto yeye bado ananivumilia, nadhani anaona ni mchezo.

Mi ni shabiki wa hizi filamu tangu utotoni na nitazeeka nazo, na kwa mtu wa Kiswahili hii ina utamu wa peke yake. Simba anaitwa Simba, yaani ni kama umzae mtoto halafu umwite Mtoto. Pumbaa ni kupumbaa. Shenzi sihitaji kukueleza. Sarabi ni yale mazigazi, maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Wengine duniani wanasikia majina matamu tu, sisi tunasikia maneno kabisa. Ila ule wito wa mwanzo jua linapochomoza ni Kizulu, sauti ya mwimbaji wa Afrika Kusini Lebo M, na bado sikosi mtu wa kunibishia eti ni Kiswahili cha zamani. Jamani.

Sasa hayo majina ndo yalinirudisha Florida, ile safari yetu ya Disney's Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa 1998, maana ndani yake wamejenga kijiji kizima cha Kiafrika cha kubuni kinaitwa Harambe, chenye ngome, kuta zimechubuka rangi, nyaya zinaning'inia, mabango yamebandikwa juu ya mabango. Tumeingia tu mpwa wangu akasimama katikati ya njia watu wanampita huku na huku, akasema, "Mamdogo, mbona wamesahau e moja?" Na kweli. Harambee ina e mbili, yao ina moja. Kutoka hapo hatukwenda popote kwa haraka tena, tukawa tunasoma ukuta mmoja baada ya mwingine. Mgahawa wa kahawa na mikate unaitwa Kusafiri, hivyo hivyo, kitenzi kitupu, kama vile ufungue saluni uiite Kusuka. Kibanda cha vitu vitamu ni Tamu Tamu, hiyo nikaikubali. Halafu kuna baa inaitwa Dawa Bar nikacheka peke yangu kama chizi, maana kuna wajomba ninaowajua ambao wangepiga kambi pale kwa sababu za kiafya.

Watu wanapita hapo mbio mbio kuwahi Kilimanjaro Safaris, ile ya kupanda lori la wazi kwenda kuwaona twiga na simba wa kweli, na siwalaumu, asubuhi ndo wanyama wanakuwa wamechangamka kabla jua halijawachosha. Wanyama wa kweli, lakini mibuyu mikubwa ni ya zege. Hata zile alama za matairi barabarani zinazolirusha lori ni zege iliyofinyangwa ikiwa mbichi, na hakuna uzio unaouona kati yako na simba kwa sababu mitaro imefichwa kwenye mikunjo ya ardhi. Mtu alikaa akafikiria namna ya kuharibu barabara vizuri! Hicho ndo ninachokipenda mimi, kuliko hata huyo simba, ambaye siku yetu alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba.

Na ukijua hizi bustani zilianzia wapi hushangai. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955, wengi wa waliozichora zile sehemu zake walitoka studio ya katuni. Claude Coats alikuwa mchoraji wa mandhari za nyuma kwenye filamu, baadaye akawa anabuni vyumba unavyopita ndani yake umekaa kwenye kigari. Kwenye filamu walikuwa na ile kamera ya tabaka, michoro inachorwa kwenye vioo, vioo vinapangwa kimoja juu ya kingine kwa nafasi, kamera ikisogea mti wa mbele unakimbia na mlima wa nyuma unajivuta taratibu. Wewe ukitembea kwenye bustani iliyojengwa vizuri ndo unakuwa hiyo kamera. Ngome ya Cinderella kule Florida ina kama mita 58 lakini inaonekana ndefu zaidi, kwa sababu kadiri inavyopanda ndivyo madirisha na mawe yake yanavyopunguzwa ukubwa, jicho linadanganyika lenyewe.

Kuna kisa nakipenda. Mwaka huo wa 1955 kigari cha Snow White pale Disneyland hakikuwa na Snow White. Mchawi yupo, vijeba wapo, yeye hayupo, kwa sababu wewe uliyepanda ndo ulitakiwa uwe yeye. Watu hawakuelewa, wakawa wanatoka wanauliza yuko wapi binti mwenyewe, mpaka 1983 wakamweka. Mimi niko upande wa wale wa mwanzo. Kumweka ni kutuambia hatuna akili.

Mtu akiniuliza ushauri basi, cha kwanza ni hiki, rudia filamu kabla ya kwenda, lakini usiwaangalie wahusika, angalia ukuta ulioko nyuma yao. Ile Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 nimeiona mara tatu kabla sijagundua kwamba Miles, yule kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, akiwa bado hajaiva, anasogea kwa picha 12 kwa sekunde wakati Peter, Spider-Man mzoefu aliye pembeni yake, ana 24, ndo maana anaonekana kama anajikwaa hewani. Sikuambiwa na mtu, nilisimamisha tu pale wanaporuka msituni. Ukizoesha jicho hivyo nyumbani, saa nzima ya foleni haikuumi, kwa sababu foleni zenyewe zimepambwa.

Foleni nazo hazifanani. Kuna vivutio kama Haunted Mansion, vigari vimeunganishwa kama mnyororo na kwa kawaida havisimami, kwa hiyo hata foleni ndefu inatembea. Peter Pan's Flight vijimashua vyake ni vidogo, vinabeba watu wachache, foleni inajaa tangu asubuhi, hiyo wahi kwanza au iache. Rola kosta kaa nyuma kabisa, gari la mwisho linavutwa kwenye mteremko wakati mabogi ya mbele yameshaanza kuanguka, unanyanyuka kitini. Mvua ikinyesha usikimbilie getini na wengine, subiri chini ya paa, ikikatika utaikuta bustani imepungua watu. Na yule mto wa boti za duara upande wa Asia wa ile Animal Kingdom, Kali River Rapids, najua hawakuwa na Kiswahili akilini, kijiji cha upande ule chenyewe kina jina la Kisanskriti, Anandapur, ila ukitoka umelowa mpaka soksi utaona tafsiri yetu imekaa vizuri tu.

Beba pawabenki. Hili nasema kwa uchungu. Tiketi zetu zilikuwa kwenye simu, ramani kwenye simu, muda tuliowekewa kwenye simu, na mimi kutwa nzima napiga picha mabango ya Kiswahili, saa nane mchana simu ikazima. Mpwa wangu hakunisemesha kwa kama dakika ishirini. Ana haki.

Ninapopaota sasa hivi ni Ghibli Park, bustani ya filamu za studio ya katuni ya Ghibli, Japani, mkoa wa Aichi, walifungua Novemba 2022. Hakuna marola kosta. Kuna msitu, na ndani yake nyumba ya wale mabinti wa filamu yao ya My Neighbor Totoro, imejengwa kamili tangu maonyesho ya Expo ya 2005, unatembea tu na kuangalia. Rafiki yangu kasema sasa utalipa nauli yote hiyo ukaangalie nyumba? Ndio. Tena nitakaa kizingitini.

Turudi jana. Tulifika kwenye korongo, nyumbu wanashuka, kipande cha dakika chache tu kilichokula zaidi ya miaka miwili, wale nyumbu wametengenezwa kwa kompyuta na ikabidi iandikwe programu ya kuwazuia wasipitane miilini. Nikamwambia hayo, nikategemea atasema mamdogo naomba tuendelee. Akachukua rimoti mwenyewe, akarudisha nyuma, akaweka kidole kwenye kioo, nyumbu mmoja kulia kabisa ambaye hana kazi yoyote kwenye hadithi. "Tumfuate huyu." Tukamfuata mpaka akapotea kwenye vumbi, tukarudisha, tukamfuata tena. Mara sita. Ya saba nilipogeuka alikuwa ameshalala, rimoti mkononi.