Muhuri wa nakala ya pili

Barua ya kwanza ya kudai habari za kisima, niliyoandika kwa niaba ya kina mama wa kikundi chetu huku Likoni, Mombasa, nilijisifu nayo. Kiswahili cha mahakamani, vifungu mstari kwa mstari. Tulipofika ofisini karani akauliza, "Kwani mnataka nini?" Wote saba wakanigeukia mimi. Niliona haya. Kisima ni chao. Mimi nyumbani nina mfereji.

Kisima kilichimbwa, tangi likapandishwa, pampu haikuja. Mwaka wa pili huu wananunua maji ya mkokoteni, na kiangazi kikiingia bei ya mtungi haishikiki.

Tukaanza upya, safari hii barazani kwa muuza viazi karai, wao wakisema, mimi nikishika kalamu tu. Kila nikipamba, muuza viazi ananikata: "Neno hilo sitaweza kulisema mbele ya mtu." Nalifuta. Barua ikatoka mistari kumi na mmoja: tuonyesheni mkataba, pesa iliyolipwa, na aliyelipwa.

Haki yenyewe ya kupewa habari iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, na namna ya kuidai imo katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa amwandikie. Ukurasa huo nilitoa kopi, kila mtu na yake.

Karani akaiangalia barua. "Leteni ya Kiingereza."

Nilikuwa nishafungua mdomo. Muuza viazi akanitangulia, akafungua pindo la leso, akatoa karatasi yenye doa la mafuta. "Hebu soma hapa, mwanangu." Karani akasoma, kisha akavuta muhuri.

Hapo kwenye muhuri nina ubishi na vikundi vingi. Watu wanaacha barua, wanarudi mikono mitupu. Nenda na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo. Bila hiyo, siku 21 ambazo sheria inaipa ofisi kujibu utazihesabu kutoka wapi? Na Tume ya Haki ya Utawala ukiipelekea malalamiko, utaonyesha nini?

Jibu lilikuja siku ya 20, ukurasa mmoja: pampu imeshalipiwa.

Nikasema Jumatatu tukae tuandike nyingine. Jumatatu nafika barazani, muuza viazi ananinyoshea karatasi huku akigeuza karai. Mistari sita, hati ya binti yake wa kidato cha pili, muhuri wa Ijumaa.