Tozo ya viza hailipi dawa

Leo mchana, duka la dawa, Leeds. Mwanafunzi kutoka Mombasa, mwezi wake wa pili Uingereza, kaambiwa alipe pauni 19.80 kwa dawa mbili.

"Lakini nilishalipa wakati wa viza!"

Kweli alilipa. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, 1,035 kwa watu wazima wengi, na hutolewa yote kwa mkupuo. Inakupa daktari na hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Dawa hapa England ni pauni 9.90 kila aina, na meno yana bili yake.

Kilichonishtua ni kalamu yake. Ilishafika kwenye kisanduku cha msamaha, nyuma ya karatasi ya dawa.

Jamani, msiweke tiki pale! Kulipa tozo si msamaha. Wakikagua, faini hufika hadi pauni 100, na bei ya dawa juu yake.

Kipato kidogo? Jaza HC1, fomu ya kuomba msaada wa gharama za afya. Unatumia dawa kila mwezi? Nunua cheti cha kulipia dawa za mwaka mzima mapema, pauni 114.50. Ukifikisha dawa 12 umeshaokoa.

Mlioko Scotland na Wales, dawa kwenu bure. Wa nchi nyingine, kwenu ikoje?