Nizwa, mji uliofuata maji

Nyumbani Unguja nikitaja Oman, watu huona mchanga na ngamia. Mchanga upo, kule Sharqiya na Rub al-Khali. Lakini Nizwa, alikotoka babu mzaa baba, ni mji wa mawe, milima na mitende. Ukitoka Maskati kwa gari ni kama saa moja na nusu, milima mikavu ya Hajar huku na huku, hata jani hulioni. Mara inatokea mitende, mingi hadi inaficha nyumba.

Kijani kile si cha mvua. Mvua ya Nizwa ya mwaka mzima haifikii ya mwezi mmoja wa masika kwetu. Maji hutoka chini ya ardhi, huletwa na falaji, yaani mtaro wa maji wa kale. Wazee walichimba kisima kirefu pale maji yalipo, wakakiita mama wa falaji, kisha wakachimba handaki lenye mteremko mdogo sana mpaka maji yakatokeza juu yenyewe, bila pampu. Falaji la Daris, hapo hapo Nizwa, ndilo kubwa kuliko yote Oman. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza mafalaji matano katika Urithi wa Dunia, nalo limo.

Ami yangu, ambaye Kiswahili chake bado ni cha Mlandege, mtaa wa Unguja mjini, alinifundisha kuusoma mji kwa kufuata mtaro. Maji yanapotokeza ni ya kunywa, kila mtu anachota, hata mpita njia. Yakishuka hufika msikitini, kisha mahali pa kuogea na kufulia. Mashamba huja mwisho, na mitende ndiyo hutangulia, halafu ndimu na majani ya mifugo. Nyumba za zamani zimepanda kwenye miamba, maana ardhi inayofikiwa na maji ni haramu kuipoteza kwa kujenga.

Fungu la maji la kila mwenye shamba hupimwa kwa muda. Kipimo chake ni athar, na athar moja ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli, usiku kwa nyota. Fungu hurithiwa, huuzwa, huwekwa wakfu. Mengine hupigwa mnada na pesa zikatengeneza mtaro. “Mwanangu,” ami aliniambia, “ukirithishwa shamba, uliza kwanza maji yake.”

Sisi wa pwani tunamjua Imamu Saif bin Sultan, mtawala wa Oman, kwa kuwatoa Wareno Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Kule anasifiwa pia kwa kupanda mitende na kufufua mafalaji, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi.

Kinachoniuma ni visima vya pampu. Vimevuta maji ya chini, na falaji likikauka mitende hufa, watu huhama. Mafalaji yanayotumika bado Oman nzima ni kama 3,000. Sheria inakataza kuchimba kisima karibu na mama wa falaji, nami naomba isilegezwe kwa ajili ya yeyote, tajiri wala jamaa.

Ukienda, nenda Disemba au Januari, ufike Ijumaa asubuhi. Mnada wa mbuzi uutazame, unapendeza kweli. Kisha panda hadi falaji la Daris, uteremke na mtaro hadi mashambani, na kila mzee unayempita umsalimie. Huenda akakuitikia kwa Kiswahili.